Aliyeumia kichwa: dawa ipi, na kwa wakati gani?

UNAPOINGIA msimu wa karafuu, Pemba nzima hupanda mitini. Wazee, vijana, akina mama, na hata watoto ambao mahali pao ni skuli, huonekana juu ya matawi wakichuma tangu alfajiri hadi jua linapokuchwa. Mkarafuu ni mti mrefu, na tawi lake hukatika bila ya kutoa taarifa. Kila msimu wapo wanaopanda wazima na kushushwa na majirani. Huku Unguja nako, ajali za pikipiki zimekuwa jambo la kila wiki. Mkwezi wa nazi huteleza kwenye kata. Baharini foromali hugeuka kwa upepo ikampata baharia kisogoni. Mkono uliovunjika huungika, na mguu hutiwa bandeji ukapona. Lakini kichwa kinapogonga chini, jambo huwa jengine kabisa.

Hatukusudii hapa kuhesabu ajali, wala kuwalaumu wanaoanguka, kwa kuwa hakuna apandaye mti kwa nia ya kuanguka. Tunakusudia kuzungumzia jambo ambalo wananchi wengi wamekuwa wakituuliza, na ambalo viongozi wa afya wa wilaya na mikoa hawana budi kulijibu kwa vitendo: Je, iko dawa ya kumsaidia mtu aliyeumia ubongo apate kurejea katika hali yake? Na ikiwa iko, ni ipi, inapatikana wapi, na itolewe wakati gani?

Swali hili si la kitaalamu tu. Ni swali la mali na la uhai. Tumeziona familia zilizouza mikarafuu ya urithi ili zinunue vichupa vya dawa iliyosifiwa kuwa inafufua akili. Tumewaona wengine waliokaa na majeruhi wao nyumbani tangu adhuhuri hadi usiku wa manane, wakimpaka mafuta na kumnyunyizia maji, wakati dawa ya bei nafuu iliyoweza kumsaidia ilikuwa inapitwa na wakati wake. Makosa yote mawili yana chanzo kimoja, nacho ni kutofahamu. Wahenga wamekwisha sema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika maradhi ya kichwa, dawa zinazojitembeza ni nyingi mno.

Majeraha mawili katika kichwa kimoja

Ili tuifahamu dawa, hatuna budi kwanza kuufahamu ugonjwa. Ubongo ni kitu laini kilichowekwa ndani ya fuvu gumu. Mtu anapoanguka, ubongo hutikisika na kujigonga. Nyuzi zake huvutika na nyengine hukatika, na mishipa midogo ya damu hupasuka. Hili ndilo jeraha la kwanza. Hutokea kwa nukta moja, na hakuna dawa duniani inayoweza kulirudisha nyuma. Maji yakimwagika hayazoleki.

Lakini liko jeraha la pili, ambalo halitokei pale chini ya mti. Hutokea katika saa na siku zinazofuata. Damu huendelea kuvuja kidogo kidogo, ubongo huvimba, na kwa kuwa fuvu ni chombo kisichopanuka, uvimbe huo hukosa pa kwenda na kuanza kuukandamiza ubongo wenyewe. Damu safi hushindwa kupita. Mgonjwa akikosa pumzi, au shindikizo lake la damu likishuka, hata kwa muda mfupi, sehemu za ubongo ambazo zilikuwa nzima nazo huanza kufa. Jeraha hili la pili ndilo linaloweza kuzuiwa, na hapo ndipo dawa inapopata kazi yake.

Kwa hiyo, atakayetuuliza dawa ya ubongo ulioumia, sisi tutamuuliza kwanza: Unataka dawa ya saa za mwanzo, ya wiki ya kwanza, au ya miezi inayofuata? Kwani kila wakati una dawa yake, na dawa ya wakati mmoja huweza kuwa sumu kwa wakati mwengine.

Somo la steroidi

Tuanze na dawa iliyopendwa sana na ambayo haifai. Kwa zaidi ya miaka 30, madaktari katika nchi nyingi waliwapiga majeruhi wa kichwa sindano za steroidi, dawa za jamii ya deksamethasoni, wakiamini kwamba kwa kuwa zinapunguza uvimbe mwengine mwilini, basi zitapunguza na uvimbe huu pia. Hoja ilikuwa nzuri kuisikia. Lakini hoja nzuri si ushahidi.

Mwaka 2004 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi mkubwa ulioitwa CRASH, uliofanywa katika hospitali 239 za nchi 49. Majeruhi 10,008 waligawanywa kwa kura mafungu mawili yaliyokaribia kulingana. Fungu moja likapewa steroidi na jengine likapewa maji yasiyo na dawa, bila ya daktari wala mgonjwa kujua nani amepata nini. Ilikusudiwa wafike wagonjwa 20,000, lakini kazi ilisimamishwa katikati ya njia. Sababu ni kwamba ndani ya wiki mbili, waliofariki katika fungu la steroidi walikuwa 1,052, na katika fungu la pili walikuwa 893. Dawa iliyodhaniwa inaokoa ilikuwa inaua.

Somo hili lina uzito kwetu. Steroidi ni dawa njema kwa mwenye pumu na kwa maradhi mengine mengi ambayo daktari anayajua. Lakini aliyeanguka na kuumia kichwa asipigwe steroidi kwa ajili ya kichwa chake. Tumesikia kwamba katika baadhi ya maduka ya dawa na vituo visivyo na usimamizi, sindano hiyo bado hutolewa kwa mazoea. Mazoea hayo yapigwe marufuku kwa maandishi, na maandishi yabandikwe ukutani mahali ambapo kila mhudumu atayaona.

Dawa ya saa tatu za mwanzo

Sasa tuitaje dawa ambayo ushahidi wake unaelekea upande wa kheri. Inaitwa asidi ya traneksamiki. Iligunduliwa Japani na mke na mume, Utako Okamoto na Shosuke Okamoto, ambao waliitangaza mwaka 1962. Waliitafuta kwa nia ya kuwaokoa akina mama wanaotokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Kazi yake ni moja: kulilinda bonge la damu iliyoganda lisiyeyuke kabla ya wakati, ili mshipa uliopasuka upate kuziba. Haitengenezi damu mpya, wala haifufui ubongo uliokufa. Inazuia tu kile kinachovuja kisiendelee kuvuja.

Dawa hii haistahili kuwa ngeni kwa wakunga wetu. Mwaka 2017 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa akina mama 20,060 katika nchi 21, Tanzania ikiwa mojawapo, yakionyesha kwamba mama anayetokwa na damu baada ya kujifungua akipewa dawa hii ndani ya saa tatu, hatari ya kufa kwa kumwaga damu hupungua.

Kwa upande wa kichwa, mwaka 2019 yalitangazwa matokeo ya CRASH-3, uchunguzi wa majeruhi 12,737 katika hospitali 175 za nchi 29. Tuyaeleze matokeo hayo kwa haki, bila ya kuyapamba. Kwa majeruhi wote waliotibiwa ndani ya saa tatu wakichukuliwa kwa pamoja, tofauti ilikuwa ndogo na haikutosha kukata shauri. Kwa wale walioumia vibaya kabisa, ambao walifika hawajitambui, dawa haikuonekana kuwafaa. Lakini kwa wale walioumia kwa kiasi kidogo au cha wastani, wakatibiwa mapema, tofauti ilikuwa wazi: katika kila watu 1,000 waliopata dawa, waliokufa kwa ajili ya jeraha hilo walikuwa 58, katika kila 1,000 ambao hawakuipata, walikuwa 75. Watu 17 katika kila elfu ni idadi ya kutosha kujaza daladala na kuirejesha mjini wakiwa hai.

Hatutaficha kwamba uko uchunguzi mwengine, uliofanywa Marekani na Canada kwa majeruhi 966 na kutangazwa mwaka 2020, ambao haukuona tofauti ya kuaminika katika uwezo wa wagonjwa miezi sita baadaye. Wataalamu bado wanajadiliana juu ya nani hasa anafaa kupewa. Lakini jambo moja linakubaliwa, nalo ni kwamba dawa hii, ikiwa itafaa, itafaa mapema. Hesabu zilizofanywa kwa watu zaidi ya 40,000 waliotokwa na damu, kutokana na ajali au uzazi, na kutangazwa mwaka 2018, zilionyesha kwamba kila dakika 15 za kuchelewa hupunguza faida ya dawa kwa takriban asilimia 10, hadi saa tatu zinapokwisha. Baada ya hapo faida haionekani tena.

Hebu tulipime jambo hili kwa mizani ya visiwa vyetu. Mchumaji ameanguka Micheweni saa nne asubuhi. Watu wamekusanyika. Mmoja ataka aletewe maji, mwengine ataka asomewe, wa tatu asema mwacheni apumzike. Amepumzishwa nyumbani. Saa nane anaanza kutapika. Gari linatafutwa, nalo limekwenda kubeba karafuu. Saa kumi na moja ndiyo anafika hospitalini. Saa saba zimekwisha pita. Hapo hata ghala ya hospitali ikiwa imejaa dawa hadi darini, dawa hiyo haina tena kazi kwake. Hakuna aliyemdhulumu kwa makusudi. Wote walikuwa wanampenda. Lakini mapenzi yasiyokuwa na maarifa yamemwibia saa zake tatu.

Kwa hiyo tunawaambia wananchi kwa kauli ya wazi: aliyegonga kichwa na akazimia hata kwa dakika moja, au akachanganyikiwa, au akatapika mara kwa mara, au kichwa kikazidi kumuuma, au akashikwa na degedege, au mboni ya jicho moja ikawa kubwa kuliko nyengine, au akatokwa na damu au maji puani na masikioni, huyo si wa kulazwa nyumbani. Apelekwe hospitali papo hapo. Shingo yake isikunjwe. Asitiwe kinywani maji, uji wala mitishamba akiwa hajitambui, kwa kuwa vitaingia mapafuni. Asipewe aspirini wala diklofenaki kwa ajili ya maumivu, kwani dawa hizo huongeza uvujaji wa damu. Na anayempeleka ashike jambo moja akilini: saa aliyoanguka. Daktari ataiuliza.

Wiki ya kwanza

Akisha kufika hospitali, dawa ya kwanza kabisa ni pumzi na damu. Hewa ya oksijeni, njia ya pumzi iliyo wazi, na shindikizo la damu lisiloachwa kushuka, ni mambo yanayookoa ubongo zaidi kuliko kichupa chochote cha gharama. Hayo yanaweza kufanywa katika hospitali ya wilaya, ikiwa mtungi una hewa na muuguzi yuko macho. Iko pia dawa ya manitoli, ambayo huvuta maji kutoka katika ubongo uliovimba na kupunguza mkandamizo. Hiyo si dawa ya kukaa nayo. Ni ya kununulia muda, ili mgonjwa afikishwe kwa mpasuaji. Kituo cha upasuaji wa ubongo kilichojengwa katika Hospitali ya Mnazi Mmoja kwa ushirikiano na madaktari wa Uhispania, pamoja na taasisi ya mifupa ya Muhimbili huko Dar es Salaam, ndiko yanakofanywa mambo ambayo dawa haiwezi kuyafanya. Bonge kubwa la damu linalokandamiza ubongo haliyeyushwi kwa kidonge. Hutolewa kwa kisu.

Katika wiki hiyo ya kwanza, wapo majeruhi wanaoshikwa na degedege. Mwaka 1990 ulitangazwa uchunguzi wa Marekani wa wagonjwa 404 walioumia vibaya. Waliopewa fenitoini, walioshikwa na degedege katika wiki ya kwanza walikuwa asilimia 3.6 tu, ambao hawakupewa walikuwa asilimia 14.2. Lakini baada ya wiki hiyo, kuendelea kuitumia kama kinga hakukuonyesha faida. Maana yake ni kwamba dawa ya kuzuia degedege hutolewa kwa siku chache kama kinga, kisha daktari huisimamisha, isipokuwa kwa yule ambaye degedege limekuja baadaye na kuwa kifafa. Huyo ni mgonjwa wa kifafa kamili, naye huhitaji dawa yake kila siku bila ya kukatiza.

Hapa tunalo neno kwa wazazi. Kifafa kinachokuja miezi au miaka baada ya kuanguka hakikuletwa na shetani wala na jirani. Kimeletwa na kovu lililobaki katika ubongo. Anayemtoa mgonjwa wa namna hiyo kwenye vidonge vyake na kumfungia chumbani, anamwongezea maradhi. Kumwombea dua ni jambo jema na hakuna anayelikataza. Lakini dua na kidonge havigombani. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Miezi inayofuata

Tufike sasa katika swali ambalo familia nyingi hulipeleka kwa waganga na kwa wenye maduka: mgonjwa amenusurika, macho yanafunguka, lakini hasemi, hajui watu, hafuati amri. Je, iko dawa ya kumwamsha?

Iko moja ambayo imepimwa kwa uangalifu, nayo ina historia ya ajabu. Inaitwa amantadini. Ilianza katika miaka ya 1960 kama dawa ya mafua makali. Kisha mgonjwa mmoja wa Marekani aliyekuwa na maradhi ya kutetemeka yaitwayo Parkinson aliitumia kwa ajili ya mafua, akaona kutetemeka kwake kumepungua. Na mwaka 1969 madaktari wakaitangaza kwa kazi hiyo. Mwaka 2012 ulitangazwa uchunguzi wa wagonjwa 184 katika nchi tatu, walioumia ubongo kati ya wiki 4 na 16 kabla, na ambao walikuwa hawajitambui au wanajitambua kwa shida. Waliopewa amantadini kwa wiki nne walipata nafuu kwa haraka zaidi kuliko wenzao. Dawa iliposimamishwa, mwendo wao ulipungua, na wiki mbili baadaye mafungu yote mawili yalikuwa karibu sawa.

Basi tuelewe vyema kilichothibitishwa. Dawa hii huharakisha mwendo wa kupona. Haijathibitishwa kwamba humfikisha mgonjwa mahali ambapo bila ya dawa asingefika. Na wote waliopimwa walikuwa katika hospitali za mazoezi, wakinyooshwa viungo na kusemeshwa kila siku. Si dawa ya kununuliwa na kunywewa gizani. Mwenye figo mbovu huweza kudhurika nayo, na mwenye kifafa pia. Hiyo ni kazi ya daktari, si ya mwenye duka.

Kuna pia habari iliyozagaa ya kidonge cha usingizi, zolpidemu, ambacho badala ya kumlaza mgonjwa humwamsha. Habari hiyo ilianzia Afrika ya Kusini mwaka 2000, na si uongo. Lakini ilipopimwa Marekani kwa wagonjwa 84 na kutangazwa mwaka 2014, walioitikia walikuwa wanne tu. Anayeiuza kwa ahadi ya hakika anauza matumaini ya wanne kwa wale 80 waliobaki.

Na zipo zile zilizosifiwa zikapimwa, zikaonekana hazina lolote. Projesteroni, dawa ya homoni ya kike, ilikuwa na sifa kubwa katika majaribio ya wanyama; mwaka 2014 zilitangazwa tafiti mbili, moja ya wagonjwa 882 na nyengine ya 1,195, na zote zikasema haina faida. Sitikolini, ambayo wakati huo ilikuwa imeruhusiwa kutumika kwa majeruhi wa ubongo katika nchi 59, ilipimwa Marekani kwa wagonjwa 1,213, ikapewa kwa siku 90, na mwaka 2012 ikatangazwa kwamba hali ya waliopewa haikupita ya wasiopewa. Hebu tulitafakari hilo: nchi 59 ziliruhusu, familia zikanunua, na faida haikuonekana. Kuruhusiwa dawa ni jambo moja, na kuthibitishwa ni jambo jengine. Kwa mkulima wa Wete au mvuvi wa Nungwi, fedha hiyo ingetosha kumlipia nauli mgonjwa wake aende kwenye mazoezi kwa miezi mingi.

Aidha, ziko dawa zinazoweza kurudisha nyuma kupona. Mgonjwa wa ubongo anapoanza kuzinduka, mara nyingi hupiga kelele, hutukana, hurarua nguo. Ni hatua ya kupona, ingawa inatisha. Wengine hukimbilia kumtuliza kwa sindano za haloperidoli au diazepamu siku hadi siku. Mwaka 1982, wataalamu wa Marekani walionyesha kwamba panya walioumizwa ubongo wakipewa haloperidoli, kurejea kwa miguu yao kulicheleweshwa. Binadamu si panya, na ziko nyakati ambapo daktari analazimika kumtuliza mgonjwa ili asijidhuru. Lakini iwe kwa kiasi na kwa muda mfupi. Kwanza apunguziwe zogo, watu wasijazane chumbani, apate usingizi wa usiku, na akae na mtu mmoja anayemjua.

Uchunguzi huo wa mwaka 1982 ulikuwa na funzo jengine ambalo tunaliona kubwa kuliko yote. Panya waliopewa dawa ya kuchangamsha walipona haraka, lakini kwa sharti moja: waachiwe wajaribu kutembea. Waliofungiwa wasitembee, dawa haikuwafaa kitu. Dawa hufungua mlango; kupita mlangoni ni kwa mazoezi. Mgonjwa anayepewa kila kidonge na kulazwa kitandani akitazama dari, amepewa ufunguo bila ya nyumba. Kumkalisha, kumsimamisha, kumtaka ashike kijiko, kumtajia majina ya watoto wake na kumngoja ayarudie, hiyo ndiyo dawa ambayo kila nyumba inayo. Haba na haba hujaza kibaba.

Yanayowapasa wenye dhamana

Tumesema ya kutosha kwa wananchi. Sasa tuwaelekee wenye dhamana, kwa heshima, lakini bila ya kumung'unya maneno.

Kwanza, asidi ya traneksamiki ifike na ibakie katika kila hospitali ya wilaya, zikiwamo zile mpya zilizojengwa miaka ya karibuni, na isikae Mjini tu. Dawa ya saa tatu iliyohifadhiwa ng'ambo ya bahari ni sawa na kutokuwapo. Mchumaji wa Pemba hawezi kungojea boti ya asubuhi. Daktari dhamana wa kila wilaya aweze kujibu wakati wowote akiulizwa: Iko ngapi, na inakwisha lini muda wake?

Pili, utolewe mwongozo mfupi wa Kiswahili, wa ukurasa mmoja, unaosema nani apewe dawa hiyo na nani asipewe, na unaokataza steroidi kwa aliyeumia kichwa. Na katika kila kadi ya majeruhi iandikwe saa ya kuumia, si saa ya kufika peke yake.

Tatu, msimu wa karafuu uwe pia msimu wa tahadhari. Masheha wajue kabla gari lipi katika shehia litabeba majeruhi, na nani analo ufunguo. Gari la kubebea karafuu haliwezi kukosekana, kwani karafuu ni mali; basi na la kubebea mchumaji lisikosekane, kwani bila ya mchumaji hakuna karafuu.

Nne, dawa za kifafa zisikatike. Mgonjwa anayetoka Makunduchi hadi Mjini na kuambiwa arudi wiki ijayo, huweza asirudi tena. Kukatika kwa dawa hiyo ghafla ni hatari kuliko hata kutokuanza.

Tano, wafundishwe na kuajiriwa wataalamu wa mazoezi ya viungo na wa usemi, wapangiwe kazi Unguja na Pemba, na wafike majumbani. Fedha inayotumika kununua vichupa visivyofaa ingelipa mishahara yao.

Na sita, kofia ya pikipiki ivaliwe na dereva na abiria wake, na watoto wasipandishwe mikarafuu. Hili si la dawa, lakini tungelikuwa wanafiki kama tungelizungumzia kuziba ufa na kuuacha ukuta unabomolewa.

Tumelelewa katika visiwa hivi kwa imani kwamba kila maradhi yana dawa yake. Hatuikani imani hiyo. Tunachosema ni kwamba kuitafuta dawa ni kazi ya kupima, kuhesabu na kukubali matokeo hata yanapotuvunja moyo. Maelfu ya watu katika nchi kadha wa kadha walikubali, wao au jamaa zao, kugawanywa kwa kura ili sisi tujue kwamba steroidi inadhuru, kwamba sitikolini haifai, kwamba saa tatu za mwanzo zina thamani, na kwamba mgonjwa akipewa amantadini na mazoezi huweza kwenda mbio kidogo zaidi. Elimu hiyo imekwisha lipiwa kwa roho za watu. Iliyobaki ni kuifikisha Micheweni, Kojani, Kizimkazi na Tumbatu, kabla ya tawi jengine kukatika.